Soko la Samaki Feri: bei ya kawaida, wapara samaki ndio wanaonipeleka

Kila mtu Dar es Salaam ana shangazi au jirani anayesema, "Nenda Feri, samaki bwerere." Labda kwa anayenunua tenga zima. Mimi ninayenunua changu wawili na kipande cha nguru cha wikendi, naona tofauti na bei ya muuzaji anayepita mtaani ni elfu mbili, tatu hivi, na hizo zinaishia kwenye nauli na chai. Jumamosi iliyopita changu wa kama kilo moja na nusu nimemchukua kwa elfu ishirini, baada ya muuzaji kuanzia elfu ishirini na nane na mimi kuondoka na kurudi. Mtaani kwetu Kigamboni wangeniambia ishirini na mbili, bila kelele wala jasho. Kwa hiyo kama shida yako ni kuokoa hela tu, ishia hapa, uendelee na shughuli zako.

Mimi naenda Feri kwa mambo mawili: kuchagua, na kuparwa. Kuparwa hasa. Sijaona sehemu nyingine mjini hapa ambako samaki anaandaliwa na watu wanaoijua kazi kiasi hiki, kwa haraka hii, kwa hela ndogo namna hii. Nashangaa wanaolisifia soko huishia kwenye mnada na upepo wa bahari, wapara wanapitwa kama meza.

Ujue kwanza unasoma maoni ya nani. Mimi ni mtu wa Dodoma. Samaki niliyekua nikimjua ni dagaa wa Kigoma wa kwenye gunia, na perege wa Mtera aliyebanikwa mpaka akawa mweusi. Nimeoa Kilwa Kivinje, na mama mkwe anaishi nasi. Mama hanisemi moja kwa moja, heshima ya ukwe inambana. Anamwambia binti yake nikiwa nimesimama hapo hapo: "Muulize Baba Nasra, huyu samaki kamkuta amelala au amekufa?" Baada ya miaka ya kusikiliza hukumu za namna hiyo, hata Mgogo anajifunza.

Soko lenyewe liko Magogoni, pale mdomoni mwa bandari, ubavuni mwa gati la pantoni, Ikulu ikiwa jirani kabisa. Majengo yaliyopo yalijengwa kwa msaada wa Japani na kuanza kutumika mwaka 2002. Ukitokea Kigamboni unavuka kwa shilingi 200, unatembea kidogo, umefika. Ukitokea Kimara au Magomeni, mwendokasi unaishia Kivukoni, na hapo pia ni kwa miguu. Ukija na gari lako, Jumamosi asubuhi, Mungu akusaidie kupata pa kuliweka.

Shughuli inaanza kabla ya jua. Boti zinashusha upande wa maji, na upande wa barabara yanaingia magari yenye samaki wa mbali, wa Kilwa na kwingine, wamezikwa kwenye barafu. Samaki wakubwa wanapangwa na dalali anaanza kuimba bei. Hapo hakuna mizani. Mchuuzi anaangalia kwa macho, anamgeuza samaki mara moja, kichwani keshapiga hesabu atatoa vipande vingapi. Bei inapanda elfu tano tano, na mara nyingi huoni mkono ukiinuliwa. Mtu anainua kidevu tu na dalali ameshamwelewa, kwa sababu wanafanya kazi pamoja kila siku ya Mungu. Wengi wanachukua mali kauli: wanabeba samaki, wanauza, wanarudi na hela. Ndiyo maana mgeni mwenye noti mkononi hapati upendeleo wowote kwenye ule mnada. Dalali anamtaka yule atakayerudi kesho na keshokutwa.

Kwa mnunuzi wa nyumbani ziko njia mbili. Ya kwanza ni kusubiri mchuuzi anunue, apange mezani kwake, umnunulie yeye pale pale kwa nyongeza kidogo. Hiyo ndiyo yangu. Ya pili ni ya kina mama tunaovuka nao: wanachanga watu wanne, watano, wananunua fungu kubwa la vibua au ndoo ya dagaa, kisha wanakaa pembeni wanagawana. Mgawo wao ni kitu cha kutazama. Kila mmoja anachota kwa zamu, mmoja mmoja, mkubwa kwa mkubwa mpaka wadogo, na wale wanaobaki bila kutimiza mzunguko wanakwenda kwa aliyekuja na ndoo. Hakuna anayegombana. Ukiwa na majirani unaoelewana nao, hapo ndipo Feri inakuwa rahisi kweli.

Usiende bila kuuliza mwezi. Hili nimefundishwa nyumbani, na sikuliamini mpaka nilipoanza kulifuatilia. Dagaa na vibua huvuliwa usiku kwa taa: samaki wanaufuata mwanga, wanazungushiwa wavu. Mbalamwezi ikiwa kali, taa ya mvuvi haina mvuto, wengi wanapumzika au wanarudi na kidogo, na bei sokoni inaruka. Giza likirudi, ndoo zinajaa. Pweza ana kalenda yake nyingine: wanapatikana kwa wingi wakati wa bamvu, maji yakitoka mbali na miamba ikaachwa wazi, kina mama na vijana wakaenda na vijiti vyao. Baadhi ya vijiji vya Kilwa na Mafia huifunga miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na siku ya kufungua ni kama sikukuu. Halafu kuna upepo. Kusi ikichachamaa, katikati ya mwaka, mwenye ngalawa hatoki, na utakachokuta mezani kwa wingi ni samaki wa barafu ya siku nyingi. Kaskazi bahari inatulia, jodari na nguru wanaonekana zaidi. Mama mkwe akitoka uani usiku na kuangalia juu, najua Jumamosi nitatumwa nini.

Kuchagua sasa. Meza za Feri zina uzuri huu: unaweza kuzunguka wauzaji kumi kabla hujatoa shilingi. Changu, kolekole, tasi, pono, chewa, nguru aliyekatwa mapande, taa, papa mdogo, ngisi, kamba. Utaambiwa wote wametoka majini leo. Jicho liwe limetuna na linang'aa, likizama na kuweka ukungu, pita. Funua shavu uangalie matamvua: mekundu ni sawa, ya kahawia ni barafu ya zamani. Bonyeza ubavuni, nyama irudi. Muuzaji akikukataza kufunua shavu, keshakujibu. Mama anaongeza kipimo chake, anabonyeza tumbo na kupitisha dole gumba mgongoni kutafuta kama mfupa umevunjika ndani, kwa sababu samaki wa baruti anaonekana mzima kwa nje lakini ndani ni rojo. Operesheni za serikali dhidi ya uvuvi wa mabomu zimepunguza sana hao samaki, ila yeye hajaacha kubonyeza.

Kwa vibua na jodari nakuwa mkali zaidi, na nina sababu. Kuna muuzaji mmoja, si wa Feri, alikuwa anapita mtaani na ndoo nyuma ya pikipiki, mchana wa jua kali, bila barafu. Tulinunua vibua, vikakaangwa vizuri, na baada ya nusu saa nyumba nzima tunajikuna. Midomo inawasha, uso unafuka moto, mtoto ana mabaka shingoni. Watu husema "nina aleji ya samaki" na kuacha kula kabisa, kumbe mara nyingi ni histamini: samaki wa jamii hiyo akikaa kwenye joto, bakteria wanaitengeneza ndani ya nyama, na ikishakuwepo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Ndimu haisaidii. Pilipili ndiyo kabisa. Dawa ni barafu tangu botini. Kwa hiyo kwa vibua natafuta mwenye barafu inayoonekana kwa macho, na nampa hela yake bila kubishana sana. Mtaani hatununui vibua tena, amri ya mama hiyo.

Umeshanunua. Sasa nenda kwa wapara.

Wako kwenye sehemu yao, vijana kwa wazee, gambuti miguuni, aproni kifuani, kila mmoja na ubao wake na ndoo yake ya maji. Vifaa vyao vinatia huruma ukiviangalia haraka haraka: kipande cha ubao kilichopigiliwa misumari cha kutolea magamba, kisu chembamba kilichonolewa mpaka kikabaki nusu ya upana wake, kisu kizito cha kukatia vichwa, na mkasi. Mwenye vifaa hivyo hatakuuliza "nikufanyie nini". Atauliza: "Wa kukaanga au wa mchuzi, bosi?" Kila kitu kinafuata hapo.

Kijana ninayempelekea mimi anamshika changu kwa kuingiza vidole viwili kwenye mashavu, anambana ubaoni, anakwangua kutoka mkiani kwenda kichwani. Magamba yanaruka kila upande, yanaganda mikononi mwake mpaka kwenye viwiko, na wewe ukisimama karibu utaondoka nayo kwenye shati. Anamgeuza, upande wa pili. Anakata mapezi kwa mkasi. Kisha ncha ya kisu inaingia tumboni, karibu na mkia, inapanda juu kwa mstari mmoja mpaka chini ya taya, na hapo anaingiza dole gumba na kuvuta mara moja: matamvua na matumbo yanatoka pamoja, yameshikana, bila kupasua nyongo. Wengi tukijaribu nyumbani hapo ndipo nyongo inapasuka na samaki anakuwa mchungu.

Lakini sehemu ninayoipenda ni inayofuata, ambayo wauzaji wa mtaani wanaokuparia haraka haraka huiruka. Ndani ya tumbo, kando ya uti wa mgongo, kuna mstari wa damu nzito, umefunikwa na utando. Anaupasua utando kwa ncha ya kisu, anaukwangua ule mstari kwa ukucha, anamwagia maji, anaukwangua tena mpaka mfupa uonekane mweupe. Pia anatoa ngozi nyeusi iliyobandika ukutani mwa tumbo. Ile shombo ambayo watu wa bara tunalalamika kwamba samaki wa baharini wanayo, sehemu kubwa iko kwenye ile damu. Nilipoanza kuleta nyumbani samaki waliosafishwa hivyo, mama aliingiza kidole tumboni mwa samaki, akakinusa, akamwambia binti yake: "Huyu aliyepara ni mtoto wa watu." Kwake hiyo ni digrii.

Mwisho anachanja. Wa kukaanga anachanjwa mistari ya mshazari, karibu karibu, isiyofika kwenye mfupa, chumvi na ndimu vipate kuingia. Wa mchuzi anakatwa mapande, kichwa kinapasuliwa katikati. Wa kupaka anapasuliwa mgongoni na kufunguliwa kama kitabu, tumbo likabaki limeshikana, na ukimwambia utamchoma kwenye mkaa atakushauri aache magamba ya upande wa nje, yashike nyama isidondokee motoni. Nilimfuata ushauri huo mara moja tu na tangu hapo sijarudi nyuma.

Kwa changu wawili kazi yote hiyo huwa namlipa elfu moja, nguru mzima mkubwa elfu mbili au zaidi kidogo tukikubaliana kabla. Hela hiyo kwa kweli ni ndogo. Mtu anasimama kwenye maji tangu alfajiri, mikono imejaa alama za miba, na hapumziki. Tasi peke yake ni hatari: miba yake ya mgongoni ina sumu, ikikuchoma mkono unavimba na kuuma kwa masaa. Kwa tasi utaona anaanza na mkasi, anakata miba yote kabla hata hajamshika vizuri, ndipo mengine yanafuata. Kwa taa anaanza na mkia. Huwa naongeza mia tano bila kuombwa, na nakushauri nawe ufanye hivyo, kwa sababu wiki inayofuata atakukumbuka, na kwenye foleni ya Jumamosi kukumbukwa kuna faida yake.

Jambo la kusema mapema ni kichwa na mayai. Usiposema, vichwa vya kolekole na mayai ya samaki vinaweza kuhesabika kama takataka, na takataka hiyo ina wateja wake. Sisemi ni wizi, ni mazoea: watu wengi wa mjini kweli hawavitaki. Mimi nikirudi nyumbani bila kichwa naweza nisirudi kabisa, maana supu ya kichwa ni ya mama, kwa ndimu nyingi na pilipili mbichi. Kwa hiyo nasema kabla kisu hakijashuka: kichwa changu, mayai yangu. Halafu nasimama pale mpaka amalize. Si kwa kutomwamini. Ninafurahia tu kuangalia.

Upande wa kukaanga sina mengi ya kusema. Kuna makarai makubwa, moto mkali, moshi wa kukutoa machozi, na mafuta yenye kina kiasi kwamba samaki anazama mzima. Wanaokaangiwa hasa ni kina mama lishe na wauza samaki wa Tandika, Buguruni, Mbagala, wanaobeba beseni zima kwenda kuuza jioni. Ukiwa na wako wawili utapenyezwa katikati na kulipa kwa samaki. Ngozi inatoka kavu na inayovunjika, ambayo jikoni kwetu kwa kikaango kidogo haipatikani. Tatizo ni mafuta. Asubuhi yana rangi ya dhahabu, kadiri siku inavyokwenda yanakuwa kahawa. Angalia rangi yake kabla hujampa mtu samaki wako. Na kama unamkaanga hapo, mwambie mpara akuwekee chumvi mapema, kwenye karai hakuna anayekusubiri.

Chakula cha hapo hapo ni kizuri kuliko mazingira yake. Supu ya samaki na chapati asubuhi, ugali na samaki wa kukaanga mchana, unakula kwenye benchi ukibanwa na wavuvi waliokesha majini. Pweza wa supu pia yupo, pamoja na wanaume wanaokunywa kikombe chao wakiangalia pembeni kana kwamba wanasubiri daladala. Kila mtu anajua wanachokisubiri.

Sasa kasoro, maana zipo. Sakafu ni maji, utelezi na magamba, kwa hiyo viatu vya ofisini na kandambili za plastiki laini acha nyumbani. Nimeona mtu akiteleza na kuteremka hatua kadhaa akiwa ameinua ndoo ya kamba juu bila kumwaga hata mmoja, akashangiliwa. Harufu inaingia kwenye nguo na haitoki kwa kupigwa na upepo wa pantoni. Getini utapokewa na vijana wanaojitolea kukupeleka "kwa bei ya chini". Ni wapole, hawana ubaya, ila wanalipwa na muuzaji na hela hiyo inatoka kwako. Sema "ahsante, nina mtu wangu," endelea kutembea hata kama mtu huyo hayupo.

Kero kubwa zaidi kwangu ni mfuko. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, na nilikubaliana na marufuku hiyo kwa sababu mitaro ya kwetu ilikuwa imeziba, soko la samaki ndilo lililobaki na tatizo la peke yake. Ile mifuko mbadala ya kitambaa inayouzwa pale haikufikiriwa kwa ajili ya samaki. Maji yanapita kama hakuna kitu, na ukiwa kwenye pantoni unasikia tone la kwanza kwenye kiatu cha jirani kabla yeye hajalisikia. Suluhisho ni ndoo yenye mfuniko, ya lita kumi inatosha, na barafu ya kununua hapo hapo. Wazoefu wote utawaona na ndoo. Mwenye mfuko wa kitambaa ni mgeni, na bei anayotajiwa inaanzia juu kidogo.

Noti ndogo pia ni za lazima. Wauzaji wengi wanapokea kwa simu, lakini mpara mwenye mikono imejaa magamba hawezi kushika simu yake, atamwita mwenzake aangalie ujumbe, mwenzake naye ana magamba. Elfu moja moja na mia tano za sarafu zinamaliza biashara.

Nikiulizwa nyota, samaki wenyewe nawapa tatu na nusu kati ya tano, kwa sababu ubora unategemea jicho lako na mwezi kuliko soko. Mazingira mbili. Wapara tano, na kama kungekuwa na sita ningeitoa. Ni huduma ambayo ukiizoea huwezi kurudi kwenye kumpara samaki kwenye sinki la nyumbani, magamba yakaziba bomba, paka akajaa dirishani. Mwenye familia kubwa au biashara ya chakula nadhani anahitaji Feri kila wiki. Anayeishi Bunju au Mbezi kwa ndani na anataka samaki mmoja wa jioni anunue huko huko, safari yote hii haimlipi. Na anayekwenda na mtoto mdogo ambebe mgongoni, chini hapafai.

Muda mzuri kwangu ni kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi: vurugu ya mnada imepungua, wachuuzi wameshapanga meza, mafuta bado safi. Kuanzia mchana bei inalegea, kwa sababu hakuna anayetaka kulala na samaki, na wajanja huja saa hizo. Tatizo ni kwamba saa hizo wapara wengi wameshaosha mbao zao na kuondoka, kwa hiyo ukija kuwinda bei ya jioni, njoo na kisu chako.